SOMO: Kompyuta ya Mbali Ikigoma Baada ya Sasisho



Somo la safari hii linahusu mashine ambayo wengi wetu hatuigusi kabisa, lakini yenyewe hutugusa kila mwisho wa mwezi. Mchumaji wa chai hupeleka majani yake kwenye mizani, karani huandika kilo, na kilo hizo huingizwa katika kompyuta. Siku hizi kompyuta inayotunza hesabu ya mishahara mara nyingi haipo shambani. Iko makao makuu, mjini. Karani wa kituo cha kupimia huketi mbele ya kompyuta ndogo ya hapo kituoni, na kwa njia ya intaneti huiendesha ile ya mjini kana kwamba yuko mbele yake. Kutoka Fort Portal hadi Kampala ni kilomita 300 hivi, lakini kilo za mchumaji hufika huko kabla hajatua kikapu chake.

Siku kilo hizo zisipofika, mchumaji huambiwa asubiri, na karani huambiwa ameharibu mashine. Maneno yote mawili hutamkwa haraka sana, na mara nyingi na mtu ambaye hajachunguza lolote. Kwa hiyo inafaa kila mjumbe wa tawi ajue kidogo jinsi kazi hii inavyokwenda, hata kama yeye mwenyewe kazi yake ni jembe au bobini.

HUKU NA KULE

Katika kazi hii kuna kompyuta mbili, na anayesahau jambo hilo hatapata kamwe chanzo cha hitilafu. Sisi tutaziita kompyuta ya huku, yaani ile aliyoketi karani, na kompyuta ya kule, yaani ile inayoendeshwa. Programu iliyo huku hupokea picha ya skrini ya kule, na hupeleka kule kila herufi karani anayobonyeza. Programu iliyo kule husikiliza kama bawabu mlangoni, na kabla ya kufungua huuliza jina na neno la siri. Katikati yao kuna waya na minara ya simu, na pengine kuna kompyuta za kampuni iliyotengeneza programu, ambazo kazi yake ni kuwakutanisha hao wawili. Windows ya Microsoft inayo programu yake yenyewe ya kazi hii. Nyingine zinazotumiwa sana ni TeamViewer na AnyDesk.

Tuseme hapa jambo moja kwa waajiri wanaopenda vitu rahisi. Windows ya aina ya Home, iliyokusudiwa matumizi ya nyumbani, yaweza kuita kompyuta nyingine kwa programu hiyo ya Microsoft, lakini yenyewe haiwezi kuitwa. Aliyenunua kompyuta ya namna hiyo na kuiweka kule asimlaumu karani wa huku.

SASISHO HUTOKA WAPI

Programu haiishi kutengenezwa siku inapouzwa. Watengenezaji huendelea kugundua kasoro na matundu ambayo wezi wanaweza kupita, nao hutuma marekebisho kwa njia ya intaneti. Marekebisho hayo huitwa sasisho, au kama makarani wengi wanavyosema, apdeti. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili au saa tatu ya usiku, kufuatana na majira ya huko kwao. Ndiyo maana hitilafu za namna hii zina desturi ya kuonekana Jumatano asubuhi. Jana jioni karani aliacha mashine ikiwa nzima. Leo amefika, hakuna mtu aliyeigusa, nayo inakataa.

Sasisho likimkuta mtu namna hiyo yeye huliona kuwa ni adui. Kwa upande wa kazi yake ana haki ya kukasirika, kwa maana hakuulizwa. Lakini kusema kwamba sasisho halikutakiwa si sawa na kusema kwamba halikuhitajiwa, na tukio la mwaka 2018 linaonyesha tofauti hiyo vizuri.

MAMBO YA MEI 2018

Tarehe 13 Machi 2018 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika CredSSP. CredSSP ni sehemu ya Windows inayochukua jina na neno la siri la mtu aliye huku na kuvifikisha kule. Tundu hilo, lililosajiliwa kwa namba CVE-2018-0886, lilimwezesha mwizi aliyejipenyeza katikati ya njia kudandia mazungumzo ya kompyuta hizo mbili na kutoa amri kule kwa jina la mwenye ruhusa. Halikuwa jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, sasisho la Machi lilileta dawa bila kulazimisha. Kompyuta iliyopata dawa iliruhusiwa kuendelea kuzungumza na isiyopata. Tarehe 17 Aprili lilifuata jingine, lililofanya maneno ya onyo yawe wazi zaidi. Kisha, tarehe 8 Mei 2018, siku ya Jumanne, likaja lile lililogeuza mambo. Tangu hapo, kompyuta ya huku yenye dawa ilikataa kuzungumza na kompyuta ya kule isiyo na dawa.

Kesho yake maofisi mengi duniani yalikuta milango imefungwa. Skrini ilisema kwa Kiingereza kwamba kumetokea kosa la kuthibitisha utambulisho, na kwamba kazi iliyoombwa haiwezekani. Chini ya maneno hayo lilikuwapo jina CredSSP. Watu walibadili maneno ya siri, wakapiga simu kwa kampuni za intaneti, wakanunua vifurushi vipya. Hayo yote hayakuhusika.

Sasa fuateni hesabu hii polepole. Ikiwa kompyuta zote mbili zina dawa, mlango hufunguka. Ikiwa zote mbili hazina dawa, mlango hufunguka, ingawa mwizi naye anaweza kuingia. Ikiwa ya kule ina dawa na ya huku haina, mlango bado hufunguka, isipokuwa kama fundi ameagiza kule kwamba wasio na dawa wakataliwe. Lakini ikiwa ya huku ina dawa na ya kule haina, mlango haufunguki, kwa sababu ya huku ndiyo inayokataa kujitia hatarini.

Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza. Katika ofisi moja waliweza kuwapo makarani wawili, mmoja mwenye kompyuta iliyosasishwa vizuri na mwingine mwenye kompyuta kuukuu iliyosahauliwa tangu mwaka uliopita. Wa kwanza alifungiwa nje na wa pili akaingia bila taabu. Msimamizi akipita hapo atasema nini? Atasema, "Ya mwenzako inafanya kazi, basi kosa ni lako." Kumbe kompyuta ya huyo aliyelaumiwa ndiyo iliyokuwa salama, ya mwenzake ilikuwa na tundu, na kosa lenyewe lilikuwa kule mjini, kwenye seva ambayo hakuna aliyeisasisha kwa muda wa karibu miezi miwili tangu dawa ilipotolewa. Mashine inayogoma si lazima iwe ndiyo mbovu. Mwenye kufanya kazi kiwandani anaijua habari hii: mkanda hukatika mahali pamoja kwa sababu ya puli iliyopinda mahali pengine.

Dawa yake ilikuwa kuisasisha kompyuta ya kule na kuizima na kuiwasha tena. Lakini mtu atafikaje kule, ikiwa njia yake ya pekee ni hiyo iliyofungwa? Ilibidi mtu aende kwa miguu mpaka mbele ya seva, akae, aifungue kwa mkono. Pasipokuwa na mtu karibu, palikuwa na njia ya muda. Katika masjala ya Windows kuna thamani iitwayo AllowEncryptionOracle. Ikiwekwa 2 katika kompyuta ya huku, kisha kompyuta ikawashwa upya, inakubali tena kuzungumza na isiyo na dawa. Fundi huingia kwa njia hiyo, huisasisha ya kule, halafu hurudi huku na kuiweka thamani hiyo kuwa 1, au 0 kama anataka ukali zaidi. Shida ni kwamba kazi ikishaanza kwenda watu husahau hatua ya mwisho. Ikiwa kwenu fundi aliwahi kuweka 2, mwulizeni kama aliiondoa. Hitilafu hii bado yaweza kumpata mtu leo, iwapo kompyuta mpya inapelekwa kuita seva ya zamani ambayo haijapata kusasishwa tangu wakati ule.

Wengine waliliondoa sasisho lote, na wengine wakazima kule lile sharti la kuthibitisha mtu kabla ya kumfungulia. Kazi iliendelea, ni kweli. Kwa maoni yetu ilikuwa sawa na kumfukuza bawabu kwa sababu amemzuia mgeni.

JINSI YA KUTAFUTA CHANZO

Jambo la kwanza ni kutoharakisha. Karani apige picha ya maneno yaliyo kwenye skrini kwa simu yake, au ayanakili yote, pamoja na namba zilizo chini yake, tarehe na saa. Maneno hayo yakishafungwa hayarudi, na fundi aliye mjini hawezi kusaidiwa na taarifa inayosema "imekataa".

Halafu yaulizwe maswali mawili. Je, wamefungiwa watu wote, au mmoja tu? Na je, kitu kingine chochote cha intaneti kinafunguka katika kompyuta hiyohiyo? Kama hakuna kinachofunguka, habari ya sasisho iwekwe kando na njia ichunguzwe kwanza. Kama vingine vinafunguka na wote wamefungiwa, tazameni kule. Kama amefungiwa mmoja tu, tazameni huku, lakini kumbukeni habari ya makarani wawili tuliyoieleza, kwamba huku panaweza kuwa na tofauti bila kuwa na kosa.

Sasa lifuate swali la sasisho lenyewe. Katika mipangilio ya Windows, sehemu ya Windows Update, kuna historia inayoonyesha kila sasisho lililoingia na tarehe yake. Karani aitazame. Ikiwa kuna lililoingia usiku wa jana, liandikwe namba yake, ile inayoanza na herufi KB. Fundi afanye vilevile kule. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja mara nyingi humaliza ubishi wa siku nzima.

Kuna mambo ya kawaida kabisa yanayofuata sasisho, na haya ndiyo yanayotokea mara nyingi kuliko tundu lolote la CredSSP. Kompyuta ya kule imejizima na kujiwasha usiku, sasa imesimama kwenye skrini ya kuomba neno la siri, na programu ya kuingia kwa mbali ilikuwa imewekwa iamke tu baada ya mtu kufungua. Hapo hakuna kilichoharibika. Mtu aliye kule abonyeze, aingie, basi. Dawa ya kudumu ni fundi kuiweka programu hiyo iamke pamoja na mashine bila kungoja mtu. Au kompyuta ya kule, baada ya kuwaka upya, imepewa anwani nyingine ya mtandao, na ya huku inabisha hodi kwenye nyumba ya jana. Au Windows imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa ni wa hadhara, kama ule wa hotelini, na ngome yake ikafunga milango. Fundi aurudishe uwe mtandao wa faragha. Au mashine imelala tu ili kuokoa umeme. Tumelitaja la mwisho kwa kusudi, maana ni aibu kumwita fundi kutoka mbali kuja kugusa kitufe.

Kwa programu nyingine kuna kanuni zake. TeamViewer, kwa mfano, inataka toleo la huku liwe sawa na la kule au jipya zaidi. Toleo jipya huweza kuita la zamani, lakini la zamani haliwezi kuita jipya. Kwa hiyo ikiwa kompyuta ya mjini imejisasisha usiku na ya shambani imebaki nyuma kwa sababu data ilikwisha, karani wa shambani atafungiwa. Angalieni kwamba hapa hesabu imegeuka: mwaka 2018 aliyefungiwa alikuwa ndiye mpya, na hapa ni wa zamani. Ndiyo sababu hatuwafundishi kukariri kwamba kosa huwa upande fulani.

AnyDesk nayo iliwapa watu funzo mwaka 2024. Tarehe 2 Februari kampuni ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika mifumo yake, na kwa sababu hiyo ilikuwa inabatilisha vyeti vyake vya usalama na kubadili kile kinachothibitisha kwamba programu imetoka kwake. Watumiaji waliombwa wachukue toleo jipya. Sasisho la namna hiyo hata likija katikati ya juma la mishahara halifai kukataliwa.

Kuhusu kuahirisha: Windows inaruhusu masasisho yasimamishwe kwa muda, mwisho siku 35, na inaruhusu kuwekwa saa za kazi, zisizozidi 18 kwa siku, ambazo mashine haitajizima yenyewe. Hizo ni nafasi za kutosha kupanga. Mahali panapopangwa vizuri, sasisho hujaribiwa kwanza katika kompyuta moja huku na moja kule, baada ya siku ya mshahara, na hueneza kwa nyingine likionekana halina neno. Kusimamisha moja kwa moja hakufai. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa dawa ya tundu jingine katika programu yake ya kuingia kwa mbali, lililopewa jina BlueKeep, na ikaona hatari ni kubwa kiasi cha kutoa dawa hata kwa Windows XP ambayo ilikuwa imeachwa tangu mwaka 2014. Na wale ambao bado wana Windows 10 wajue kwamba usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Asikubali mtu shauri la kuuacha mlango namba 3389, ambao programu ya Microsoft huutumia, wazi kwa intaneti nzima eti ili kurahisisha kazi. Wezi hupita wakiutafuta mlango huo usiku na mchana.

Tena wako wezi wanaotumia simu tu. Siku mashine zinapogoma, mtu hupiga, hujitambulisha kuwa fundi, humwomba karani aweke programu fulani na kumsomea namba zinazoonekana kwenye skrini. Namba hizo ndizo ufunguo. Karani akate simu, kisha yeye mwenyewe ampigie fundi wa kampuni kwa namba anayoijua.

KARANI, MCHUMAJI NA MSHAHARA

Tumefika kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama. Tuseme mlango umefungwa Jumatano, orodha za mishahara zinafungwa Ijumaa, na kilo za siku tatu hazijaingia. Majani yamekwisha kupimwa, yamekwisha kunyauka, kusagwa na kukaushwa, na chai iko ghalani. Kazi imefanyika. Haiwezekani kilo hizo zihesabiwe kuwa hazipo kwa sababu programu ya Marekani imekataa kuzungumza na seva ya Kampala.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu anayoibuni mwenyewe. Makato ni yale tu yanayokubaliwa na sheria. Inampa pia mfanyakazi haki ya kupata, pamoja na mshahara, karatasi ya maelezo katika namna na lugha anayoweza kuielewa. Mchumaji anayeona kilo zake zimepungua aanzie hapo, kwenye karatasi hiyo, akiwa na kumbukumbu yake ya mizani mkononi.

Na kwa karani: sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa kosa au kwa utendaji mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, naye ana haki ya kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Mjumbe wa tawi akichaguliwa kwa kazi hiyo asiende mikono mitupu. Aulize mashine ya kule ilisasishwa lini. Aulize nani mwenye mamlaka ya kuruhusu sasisho, maana karani kwa kawaida hana. Aombe kuona namba za KB za pande zote mbili. Aonyeshe picha ya skrini yenye saa na tarehe. Maneno "ameharibu kompyuta" hayana uzito mbele ya karatasi hizo, na tena karani asitie sahihi maelezo yoyote ya kukiri kabla hayajapatikana.

Kamati zinazokutana na mwajiri kabla ya msimu wa mvua, majani yanapokuwa mengi, ziombe mambo mawili yaandikwe. La kwanza ni kwamba masasisho yapangwe nje ya juma la mishahara, isipokuwa ya dharura, na makarani wajulishwe siku moja kabla. La pili ni kitabu cha mizani chenye kurasa za nakala. Karani huandika kwa kalamu mbele ya mchumaji, nakala moja huchukuliwa na mchumaji, moja hubaki kituoni, na mlango wa kompyuta ukishafunguliwa kilo huingizwa kutoka kitabuni kwa tarehe zake halisi. Kitabu hicho kiwe kinaandikwa kila siku, pamoja na siku ambazo kompyuta ni nzima.